Kifutio

Zule—
na hapo imeganda.
Kiduara cha buluu kinazunguka, kinazunguka
kama kuku anayetafuta pa kutagia,
na babake bibi arusi yuko bencini kwangu
anahesabu vigae vya sakafu.
Kadi mia tatu, arusi Ijumaa, leo Jumanne.
"Mashine yako yafikiri," asema.
"La, baba. Inasahau."

Giga nne. Ndizo ilizozaliwa nazo.
Iliundwa mbali, ikafungwa, ikauzwa nzima nzima
kama mkate wa dukani,
ikatumikia watu wa bima kwenye baridi yao,
kisha kontena, kisha Kilindini, kisha Mwembe Tayari,
nilikoitoa kwa pesa za mchezo, zamu yangu ilipofika.
Ubavuni ina karatasi ya fedha: USIFUNGUE.
Miaka minne nimeitii karatasi ile
kama mke mgeni anavyoliogopa kabati la mkwewe.

Leo nimefungua.
Skrubu mbili.
Utii wote ule, skrubu mbili tu!

Ndani mna vumbi la Kingorani, rangi ya tangawizi,
mayai mawili ya mjusi kafiri, makavu, meupe kama vidonge,
na kutu pembeni, maana mji huu
hata bati hunywa chumvi.
"Gusa chuma kwanza," Shee anipigia kelele kwenye simu,
"umeme wa mwilini ukutoke."
Umeme gani, mwanangu? Jasho lishautoa wote.

Nafasi za kumbukumbu ni nne.
Moja ina kijiti. Tatu zi wazi,
wazi tangu kiwandani.
Aliyeiunda alijua fika ingeweza zaidi,
akaipa kiasi cha bei.
Nimesimama na bisibisi mkononi, nikamtambua mtu huyo.
Aliwahi kukaa mbele yangu na faili langu,
akalifunga kabla ya kufika ukurasa wa alama,
akasema, "Wewe taipu itakutosha."

Barabara ya Biashara, duka la Mustansir.
"Kizazi cha tatu au cha nne?"
Sikujua kumbukumbu nazo zina vizazi.
Nikataja cha nne, maana nne ni zaidi ya tatu.
Nikarudi, nikakiweka: pengo lake limepishana na la ubao
kwa upana wa punje moja ya mchele.
Punje moja, na huwezi kulazimisha.
Nikavaa buibui tena, jua la saa saba likinipiga utosini.
"Si ungekuja na hicho kikongwe, yakhe?
Hii hununuliwa kwa kulinganisha."
Akanipa cha tatu, giga nane, kilichotumika,
kimefungwa kwenye gazeti kama bajia.

Kikaingia. Masikio mawili yakalia: ta, ta.
Nikabonyeza.
Pii. Pii. Pii.
Skrini nyeusi kama sufuria ya pilau kwa nje.
Baba mtu akaacha kuhesabu vigae.

Ndipo Shee alipofika, na mafuta ya viazi karai vidoleni.
Hakusema neno. Akajifuta kwenye suruali,
akachukua penseli yangu ya hesabu,
akaigeuza kichwa chini,
akasugua meno ya dhahabu ya kijiti kwa kile kifutio chekundu,
polepole, upande huu, upande huu,
mpaka yakameta.

Kifutio, jamani.
Kitu ambacho kazi yake duniani ni kusahaulisha.

Sasa inahesabu kumi na mbili.
Zulekha: herufi saba, haikusita hata moja.
Printa inatapika kadi, baba mtu anazinusa wino,
Shee anadai soda.

Kabla ya kufunika nilizipuliza zile nafasi mbili zilizobaki,
taratibu, kama mtu apulizaye jicho la mtoto.
Kisha nikarudisha skrubu moja.
Ya pili iko mkobani mwangu.